Haki ya Mti Mgonjwa

Mti wa matunda unapougua ndani ya mbao yake, huzuka maswali mawili. La kwanza ni la kitaalamu: ni kuvu gani, imeingilia wapi na imefika wapi. La pili ni la maadili, na ndilo gumu zaidi: mwenye mti ana wajibu gani kwa mti wenyewe, kwa jirani wa upande wa pili wa ua, na kwa watu watakaokula matunda baada ya yeye kufa? Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Bunju, Boko na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, maswali haya hukutana uani mwa nyumba za watu. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ilikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe kabla ya kukatwa viwanja. Miti iliyobaki mara nyingi ni mikongwe kuliko nyumba zinazoizunguka, na mingi ilipandwa na watu waliokwisha kuzikwa.

Jibu la maadili haliwezi kutangulia maumbile ya mti. Mnyama akijeruhiwa, mwili wake hujenga nyama mpya mahali pa ile iliyokufa. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyooza haiponi. Mti huizungushia ukuta wa chembe ngumu zenye kemikali za kuzuia kuvu, kisha huendelea kukua kwa nje, ukiuacha uozo umefungiwa ndani. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua magogo kwa maelfu ili aone jeraha linavyosafiri ndani ya shina, alieleza utaratibu huu katika kitabu alichokitoa pamoja na mwenzake mwaka 1977. Matokeo yake kwa mkulima ni mazito. Kuutibu mti kwa maana ya kuurudisha ulivyokuwa ni jambo lisilowezekana. Kinachowezekana ni kuusaidia ujenge ukuta haraka, na kuepuka kuutia jeraha jipya linalobomoa ukuta wa zamani. Kwa hiyo anayeuliza kama ana wajibu wa kuuponya mti wake anauliza juu ya kitu ambacho hakimo mikononi mwa binadamu. Kilichomo mikononi mwake ni mpaka: ugonjwa uishie wapi.

Magonjwa ya mbao huanzia kwenye jeraha. Tawi limekatwa kwa panga, gome limechunwa na gari lililorudi nyuma, msumari umepigiliwa ili kufunga kamba ya kuanikia nguo. Mvua inaponyesha, mbegu za kuvu, ndogo kuliko vumbi, hurushwa na matone kutoka kwenye vijiti vikavu hadi kwenye mbao iliyo wazi. Kuvu hushuka ndani ya mishipa inayopandisha maji, taratibu, bila dalili. Katika mizabibu, ugonjwa uletwao na kuvu iitwayo Eutypa lata huweza kukaa miaka kadhaa kati ya siku ya kukatwa kwa tawi na siku majani yanapoanza kudumaa. Anayeona kifo cha mti huenda hakuwepo siku ya jeraha, na aliyeujeruhi huenda amekwisha kuhama. Mwenye gari aliyegonga mtu huona damu palepale, lakini aliyeufyeka mwembe vibaya mwezi wa masika hana lolote la kumshtua. Maadili yanayosubiri ushahidi wa macho hayawezi kuulinda mti, kwa kuwa ushahidi hufika muda wa kuzuia ukiwa umepita.

Kwenye miembe ya Dar es Salaam, adui wa kawaida wa aina hii ni Lasiodiplodia theobromae, kuvu iliyoenea nchi zote za joto, inayoshambulia pia michungwa, miparachichi, mikorosho na mizabibu. Matawi hukauka kuanzia nchani kurudi nyuma, utomvu wa kahawia hutiririka kwenye gome, na tawi likipasuliwa huonekana michirizi myeusi ndani ya mbao. Jambo la kufikirisha ni kwamba kuvu hii mara nyingi huishi ndani ya mti mzima bila kuudhuru. Hugeuka kuwa maradhi pale mti unapodhoofika: ukame, joto, mizizi iliyokatwa, udongo uliogandamizwa. Hapo hoja kwamba ugonjwa ni mgeni aliyevamia kutoka nje hupungua nguvu. Kilichobadilika si kuvu. Ni hali ya mti, na hali hiyo mara nyingi ina mkono wa mtu.

Mkono huo unaonekana wazi katika kitongoji kinachojengwa. Kiwanja kinanunuliwa, msingi unachimbwa na mizizi ya upande mmoja inakatwa. Kifusi kinamwagwa ili kuinua uwanja, na shina linafukiwa kiasi cha magoti, hali gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu. Baadaye uwanja unasakafiwa kwa saruji hadi kwenye shina, takataka zinachomwa kivulini kwa sababu ndipo palipo na nafasi, na matawi yanayogusa nyaya za umeme yanafyekwa kati yakaachwa visiki vilivyochanika. Miaka mitatu au minne baadaye mwembe unakauka upande mmoja, na familia inasema umepata ugonjwa, au una mkono wa mtu mwenye husuda. Hakuna sababu ya kudharau hofu ya husuda kwa watu wanaoiamini, lakini kumtafuta hasidi kabla ya kukagua kifusi ni kumtwika jirani dhambi ambayo huenda haikuwa yake. Kwa ugonjwa wa namna hii wajibu wa kwanza ni toba ya vitendo: kifusi kiondolewe hadi shina lionekane linapoanza kupanuka kuwa mizizi, saruji ivunjwe kuzunguka mti, moto uhamishwe.

Ipo aina ya pili, na hiyo haimngojei mtu akosee. Mwaka 2012, katika kijiji cha Magawa wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani, mikorosho ilianza kunyauka na kufa kwa ugonjwa ambao haukuwa umeripotiwa nchini kabla ya hapo. Wakulima huujua sasa kwa jina la mnyauko fuzari, na chanzo chake ni kuvu ya udongoni, Fusarium oxysporum, inayoingilia mizizini na kuziba mishipa ya maji. Mkuranga inapakana na Temeke. Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala ndiyo inayopita huko pia, ikibeba miche, kuni, mkaa na udongo wa bustani. Kuvu ya jamii hii hukaa udongoni kwa miaka mingi hata baada ya mti kuondolewa, na husafiri kwa jembe, kwa tairi na kwa kiatu chenye tope.

Ng'ambo ya bahari, nchini Oman, wenye mashamba ya Batinah waliona miembe yao ikifa ghafla kuanzia mwaka 1998. Huko kuvu ya jamii ya Ceratocystis ilishirikiana na mdudu mdogo anayetoboa gome, na miti mingi sana ikalazimika kung'olewa na kuchomwa. Wapo huko wazee wanaozungumza Kiswahili ambao familia zao zina kumbukumbu za mashamba ya Unguja na Pemba, na kwao mwembe uliofyekwa ni zaidi ya hasara ya pesa. Lakini mti mmoja ulioachwa kwa huruma uliendelea kuwa nyumba ya mdudu, na mdudu hakuishia kwenye ua wa mwenye huruma.

Ndipo dini inapoulizwa, kwa kuwa kwa Mwislamu na kwa Mkristo wa vitongoji hivi kukata mti wa matunda si jambo jepesi. Khalifa Abubakar, aliyetawala kati ya mwaka 632 na 634, anapokewa kuwa alipotuma jeshi kwenda Shamu aliagiza miti ya matunda isikatwe. Torati, katika sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati, huwakataza wanaouzingira mji wasiiangushe miti ya chakula, na huwaruhusu kutumia ile isiyozaa. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim huhesabu kuwa ni sadaka kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti aliopanda Mwislamu. Mambo haya yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba mti wa matunda una heshima isiyotegemea faida ya mwenye mti peke yake. Popo anayekula embe usiku ana fungu lake katika thawabu ya aliyepanda.

Hata hivyo heshima hiyo haijawahi kuwa marufuku kamili. Sura ya Al-Hashr, aya ya 5, inataja mitende iliyokatwa na iliyoachwa katika kisa cha Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, na kuyahesabu yote mawili kuwa kwa idhini ya Mungu. Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliifafanua sheria ya Torati kwa namna inayogusa suala hili moja kwa moja: kilichokatazwa ni kukata kwa uharibifu, na mti wa matunda unaweza kukatwa endapo unaidhuru miti mingine au shamba la mtu mwingine. Katika elimu ya Kiislamu inayofundishwa pwani, msingi kama huo unatoka kwenye hadithi ya 32 katika mkusanyo wa Imamu Nawawi, inayokataza kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara. Kutokana nayo mafakihi walitoa kanuni kwamba madhara huondolewa, na kwamba hasara ya mmoja huvumiliwa ili kuwaepusha wengi. Mkorosho wenye mnyauko fuzari unaingia chini ya kanuni hiyo bila kulazimishwa. Kuuacha usimame, eti kwa sababu mababu waliupanda, ni kuwafadhili mababu kwa mali ya jirani.

Kwa mwembe wenye matawi makavu, kanuni hiyo haitoshi. Hapo mfano unaofaa ni ule wa mtini usiozaa katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba anataka uondolewe; mtunza bustani anaomba mwaka mmoja zaidi, na anaahidi kuupalilia na kuutia samadi; ukishindwa hata hivyo, ndipo ukatwe. Wahubiri husoma kisa hiki kama habari ya toba ya mwanadamu, na hawakosei. Lakini kikisomwa pia kama habari ya mti, kina hoja kali ambayo mara nyingi hupitwa: rehema ya mtunza bustani ina kazi ndani yake na ina tarehe ya mwisho. Mtunza bustani haombi mti uachwe tu. Uvivu unaovaa joho la huruma ni jambo la kawaida katika viwanja vingi: mti haukatwi na pia hautunzwi, matawi yake makavu yanabaki juu mwaka baada ya mwaka yakizalisha mbegu za kuvu kila mvua inaponyesha. Huko ni kuukwepa uamuzi, na jirani ndiye anayelipa.

Mwaka huo wa rehema una kazi zinazojulikana. Kwanza ni wakati. Maembe mengi ya Dar es Salaam huvunwa kati ya Novemba na Februari, na kipindi kifupi cha ukavu kati ya vuli na masika ndicho kinachofaa kwa kupogoa, kwa sababu kidonda hupata siku za jua kabla ya mvua za Machi. Tawi lenye ugonjwa hukatwa kwa msumeno, chini ya mahali michirizi myeusi inapoishia, mpaka mbao ionekane safi. Panga halifai kwa kuwa huchana, na mchano ni mlango mpana. Kisu, mkasi na msumeno hufutwa kwa spiriti au jiki iliyozimuliwa kabla ya kwenda mti mwingine. Kidonda kikubwa hupakwa uji wa mrututu na chokaa. Oili chafu ya gari, inayopakwa na wengi kwa kudhani inafukuza mchwa na maradhi kwa pamoja, huua gome hai ambalo ndilo lingefunga kidonda. Matawi yaliyokatwa huondolewa siku hiyo hiyo. Yakirundikwa chini ya mti, kazi yote imekuwa bure. Samadi iliyoiva na matandazo huwekwa mbali kidogo na shina, na maji hutolewa wakati wa kiangazi kirefu. Kwa michungwa na milimau, ambayo huoza kitako kwa vimelea vya udongo wenye maji, kilicho muhimu zaidi ni kuzuia maji yasituame na kutofukia sehemu mche ulipobebeshwa.

Dawa zenye nguvu zina historia inayofundisha. Kwa miongo mingi wakulima wa mizabibu wa Ulaya walipambana na ugonjwa wa mbao uitwao eska kwa kunyunyiza chumvi ya arseniki. Ilifanya kazi kuliko chochote kilichopatikana kabla au baada yake, lakini ilikuwa sumu inayosababisha saratani kwa anayeinyunyiza. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 2001, ikijua kwamba mizabibu mingi zaidi ingekufa. Uamuzi huo unastahili kutajwa kwa heshima, kwa sababu nchi inayoishi kwa divai ilikiri kuwa maisha ya mzabibu hayanunuliwi kwa maisha ya kibarua. Tangu hapo utafiti umegeukia njia za polepole: kupaka kidonda kibichi kuvu rafiki ya jamii ya Trichoderma ili iwahi nafasi kabla ya adui, kukwangua mbao iliyooza, au kukata shina chini na kulea chipukizi kutoka sehemu iliyo salama. Katika vitongoji ambako watu wengi huchota maji ya visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye mti, hoja hiyo ina uzito uleule. Hata mrututu ni shaba, na shaba ikizidi udongoni haiondoki. Usimamizi wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, lakini mamlaka haiwezi kusimama katika kila ua pampu ya kunyunyizia inapojazwa.

Mizabibu ya Tanzania yenyewe iko Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki wa Bihawana waliilima kwa ajili ya divai ya misa, na ambako sasa kuna kituo cha utafiti cha Makutupora. Hali ya hewa ya huko huruhusu mavuno mawili kwa mwaka. Neema hiyo ina gharama yake: mavuno mawili ni kupogoa mara mbili, na kila kupogoa ni mamia ya vidonda kwa kila shamba. Tena mzabibu hupandwa kwa kipande cha mzabibu mwingine. Kipande kikichukuliwa kutoka kwenye mti ulioambukizwa, mkulima mpya hurithi ugonjwa siku ya kupanda, kabla hajatenda kosa lolote. Anayegawa vipande au vikonyo vya kubebeshea bila kuchunguza mti mama anatoa zawadi yenye deni ndani yake, na hilo linawahusu pia wauza miche wa kando ya barabara za Tegeta na Mbagala.

Bado pana kizuizi kimoja ambacho vitabu vya kilimo hukisahau. Pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu huweza kumiliki minazi au mikorosho iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine, kuirithisha, kuiweka rehani au kuifanya wakfu wa msikiti. Mti wa kudumu pia ni shahidi: unaonyesha nani alilima hapa na mpaka ulipita wapi, na wakati ardhi inapotwaliwa, miti huhesabiwa katika fidia. Kwa sababu hiyo mkorosho uliokufa nusu huachwa usimame Chamazi, kwa hofu kwamba ukiondoka, hoja ya mwenyewe itaondoka nao. Hofu hiyo ni ya haki na haiwezi kuondolewa kwa mahubiri kuhusu kuvu. Inaondolewa kwa kuuhamisha ushahidi kwanza: mpaka uwekewe alama mbele ya majirani na kiongozi wa serikali ya mtaa, idadi na aina ya miti iandikwe, warithi wote wapewe habari, na kama mti ni wakfu, msimamizi wake aridhie. Mrithi mmoja akikata bila wenzake amegusa amana ya wote. Warithi wote wakikaa kimya kwa kuogopana, kuvu haitangoja mirathi imalizike.

Uamuzi wa kukata ukishafikiwa, mti wenye ugonjwa wa kuambukiza haufai kuuzwa kama kuni za kusafirishwa, ingawa mnunuzi yupo na bei inavutia. Huchomwa hapohapo au hufanywa mkaa karibu na uliposimama, na kisiki hung'olewa pamoja na mizizi inayofikika. Palipokufa mkorosho kwa mnyauko fuzari hapapandwi mkorosho mwingine mara moja. Hupandwa mti wa ukoo tofauti, au mazao ya msimu. Palipokufa mwembe kwa sababu ya kifusi na saruji, mwembe unaweza kurudi endapo kifusi na saruji vimeondoka. Ipo hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad, inayomwelekeza mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama, maadamu ana uwezo. Mche huo hautamfaa aliyeupanda wala mtu mwingine yeyote, na bado ameagizwa. Mzee wa miaka themanini anayepanda mwembe Mabwepande mahali alipokata ule wa baba yake yuko ndani ya agizo hilo, na wanawe wanaomwambia kwamba hatauona ukizaa wanajibu swali ambalo hakuliuliza. Mche auchague ambao mti mama wake unajulikana, shimo liwe mbali na msingi wa nyumba na chini ya nyaya pasiwe pake, na shina liachwe juu ya udongo.